Barua kwa mwanangu: kukumbuka ni kazi ya kamba

Mwanangu,

Wa alaykum salaam, na marahaba. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza jana baada ya Isha, kisha nikampa mama yako naye akausikiliza, kisha tukaenda kulala bila kusemeshana. Leo asubuhi nimechukua kalamu kwa sababu kwenye simu maneno yangu hukimbia. Kaka yako ataichapa barua hii akutumie kwenye WhatsApp.

Umeuliza jambo moja. Daktari amekwambia ulicho nacho ni ADHD, hali ya akili kushindwa kutulia kwenye jambo moja, na yako ni ile ya kuzubaa isiyo na utukutu, na sasa unataka kujua kama umwambie bosi wako au ukae kimya. Unasema mwezi huu amekuita ofisini kwake mara mbili. Kwanza ni kwa kile kikao ambacho alikuuliza swali ukawa unamtazama usoni nawe hupo, mpaka mwenzako akakugusa kiwiko. Pili ni kwa barua pepe ya mteja uliyoiandika yote, ukaisoma, ukaipanga vizuri, halafu usiitume.

La bosi nitalifikia. Lakini kuna neno ulilitupia mwishoni, labda ukidhani mzee hatalisikia. Ulisema, "Au pengine mimi ni mzembe tu, baba, na daktari amenionea huruma." Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Hujui kwamba daktari wako aliponipigia simu tuliongea kwa kirefu. Aliniuliza ulikuwaje kabla hujatimiza miaka 12. Nikamwuliza, mtoto ana miaka thelathini na ushei, ya utotoni ya nini? Akaniambia hali hii haimwanzii mtu ukubwani. Huwa nayo tangu utotoni, na ukubwani ndipo humwelemea kwa sababu hakuna tena wa kumwamsha na kumfungia mkoba. Zamani miongozo yao ilitaka dalili zionekane kabla ya miaka 7, na mwaka 2013 wakasogeza hadi 12, kwa kuwa watoto wengi watulivu walikuwa wakiachwa nje. Hasa wasichana, alisema. Mvulana anayeruka madirishani hupelekwa hospitali, na msichana anayekaa kimya akitazama nje huambiwa ni mpole.

Halafu akaniuliza swali lililonishangaza: alipokuwa akiduwaa, ukimgusa alirudi? Kumbe kuna kifafa kisichomwangusha mtu. Mtoto hukatika katikati ya maneno kwa sekunde chache, macho yamekaza, umwite, umguse, harudi mpaka kipite chenyewe, na kikishapita hajui kama kilimpata. Daktari alitaka kuhakikisha sicho. Nikamwambia sicho. Wewe ukiitwa mara ya kwanza ulikuwa huitiki, ya pili huitiki, ukishikwa bega unashtuka, "Naam baba," na ukiulizwa ulikuwa wapi unasema ulipokuwa. Siku moja ulikuwa na sisimizi waliokuwa wakipandisha bawa la mende ukutani, ukanieleza jinsi wale wa mbele walivyovuta na wale wa nyuma walivyosukuma, na mmoja aliyepanda juu ya bawa akabebwa bure. Chai yako ilikuwa imepoa hadi imefanya utando. Daktari alicheka, akaniambia maelezo hayo yanamsaidia kuliko fomu nzima.

Kwa hiyo usiseme amekuonea huruma. Alikupima damu, alipima na tezi ya shingo, aliuliza usingizi wako, aliniuliza mimi. Huruma haina kazi nyingi kiasi hicho.

Na uzembe naujua. Nimefundisha vijana cherehani hapa barazani miaka mingi. Mzembe hujua la kufanya na halitaki, na likiharibika halali njaa kwa ajili yake. Wewe ulikuwa ukililia daftari uliloliacha kwenye daladala mpaka unatapika.

Sasa nikisema daftari lazima niseme na ile siku ya darasa la tano. Mama yako ananikataza, anasema ni mambo ya zamani. Kwangu si ya zamani.

Tuliitwa wazazi shuleni, tukaingizwa ofisini kwa mwalimu mkuu mmoja mmoja. Zamu yetu ilipofika, wewe ulisimama kando ya meza, mikono nyuma, na mwalimu wako wa darasa akafungua daftari lako la Kiswahili mbele yangu. Pembeni mwa kila ukurasa ulikuwa umechora ngazi ndogo ndogo, na maandishi yalikuwa yakiishia katikati ya sentensi. Akaniambia, "Mzee, huyu binti darasani upo mwili tu. Wewe ni fundi. Mtafutie cherehani mapema akae nawe, usipoteze hela."

Nimelirudia neno hilo kichwani miaka yote hii. Lingekuwa moja ningelivumilia, lakini aliyaweka mawili ndani yake. Alikutukana wewe, na akakitaja cherehani kama jalala la kutupia watoto walioshindikana. Mtu anayeweza kukata kanzu kwa kumtazama mteja akitembea, akajua bega lipi limeshuka, huyo ndiye hana akili? Kola moja ya kanzu ya darizi inataka umakini ambao mwalimu yule asingeuweza hata asubuhi moja. Sikumjibu, kwa kuwa nilikuwa ofisini kwa watu na wewe ulikuwa umesimama pale unasikiliza. Au nilidhani unasikiliza.

Wewe ulikuwa unatazama ukutani, kwenye ule ubao wa ikama: wavulana, wasichana, jumla, darasa la kwanza hadi la saba, kwa chaki. Ukanyoosha kidole ukasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwalimu, jumla ya darasa la nne siyo." Mwalimu mkuu akageuka. Wavulana 48, wasichana 53, jumla imeandikwa 91. Akasimama, akafuta ile 91 kwa kiganja, akaandika 101. Vumbi la chaki lilimwagikia daftari lako.

Na mwalimu wa darasa akasema, "Unaona, mzee? Anazungumziwa yeye, yeye yuko ukutani."

Nilitoka pale kifua kimejaa furaha na hasira, sijui kipi kilikuwa juu. Leo wewe ni mkaguzi wa hesabu, unalipwa kuona jumla zilizokosewa na watu wazima. Kila nikiwaza hivyo natamani nimtafute mwalimu yule. Ila kuna jambo ambalo sipendi kulisema, nalo ni kwamba alikuwa na haki nusu. Ulikuwa ukutani kweli. Na wiki hiyohiyo ulirudi nyumbani na kiatu kimoja, kingine umekiacha chini ya mpera wa jirani, na hela ya unga imebaki dukani kwa Mpemba pamoja na unga wenyewe. Siku hizi wapo wanaosema hali hii ni kipaji kilichojificha. Kaka yako alinisomea maneno ya namna hiyo nikamwambia aache. Kama ni kipaji, mbona kinakuunguzia maharage na kukupitiliza kituo? Unapanda mwendokasi Kimara, unatakiwa ushuke Magomeni Mapipa, unazinduka umefika Kivukoni unatazama pantoni. Hilo halina utamu wowote kwa mtu anayesubiriwa kazini. Ubao wa ikama ni kweli na kiatu ni kweli, na mimi nikikusifia kimoja nikaficha kingine nitakuwa sikusaidii.

Hata hivyo, ule ubao! Basi, naacha.

Turudi kwa bibi yako. Umepewa jina lake, na kila nikizidi kuongea na daktari ndivyo nilivyozidi kumwona yeye. Daktari alisema hali hii hutembea kwenye ukoo kwa nguvu sana, akauliza kama tunaye mwingine. Nikamwambia kuhusu mwiko. Unakumbuka jinsi bibi alivyokuwa akiwapokea wageni mlangoni na mwiko mkononi, unadondosha uji sakafuni? Watu wakicheka, wakisema bibi mkali, anataka kumpiga mgeni. Hakuwa mkali. Alijijua kwamba akitoka jikoni mkono mtupu, jiko limekwisha kwake, kama halikuwahi kuwashwa. Kwa hiyo hakutoka mkono mtupu. Akishika mwiko, hata akae nao barazani na habari zikolee, mkono wenyewe unamwuliza: wewe, hiki unakifanyia nini hapa? Anainuka, anarudi. Hakuna aliyemfundisha, na sijawahi kusikia ameunguza nyumba.

Shangazi yako yeye alisema una jini, akakuletea kombe. Ulilinywa, lilikuwa na harufu nzuri ya waridi na zafarani, na sina neno na dua. Lakini baada ya dua mtu aondoke na mwiko.

Hapo ndipo penye imani yangu, na mnaijua wote nyumbani, mtanisamehe nikiirudia. Kukumbuka ni kazi ya kamba. Marehemu fundi aliyenifundisha kazi, pale Ngamiani, alikuwa akimpokea mwanafunzi mpya kwa jambo moja kabla hajamwonyesha hata kutia uzi sindanoni. Alichukua kipande cha kamba ya katani, akakipitisha kwenye tundu la mkasi, ncha ya pili akaifunga kwenye mguu wa cherehani. Urefu wake ulipimwa: mkasi ufike mwisho wa meza ya kukatia, usifike sakafuni. Futi shingoni, chaki ndani ya kopo lililogongomewa msumari mezani. Hakusubiri mtu apoteze mkasi ndipo amfunge. Na sijasikia mteja hata mmoja akisema fundi yule hana akili kwa kuwa mkasi wake una kamba. Kichwa kiliachiwa kazi ya kukata nguo, kukumbuka mkasi uko wapi ilikuwa kazi ya kamba.

Daktari wako aliponieleza kwamba kwa watu wa hali yako ile sehemu ya akili inayoshika jambo la sasa hivi, kwa dakika chache tu mpaka ulifanye, ndiyo inayolegea, nikamwambia nimekuelewa, mkasi hauna kamba. Wewe unajua vizuri kabisa kwamba kuna maharage jikoni. Ukiulizwa unajua. Shida ni kwamba hakuna kinachokuuliza.

Kwa hiyo usijilazimishe kukumbuka kwa bidii. Umefanya hivyo miaka thelathini, na bidii haina tundu la kufungia. Funga vitu. Funguo zining'inie kwenye msumari wa mlango, nje ya hapo zisiwe na kwao. Kengele ya simu usiiache ilie tu, kwa maana utaizima na kuendelea, iandikie neno lenyewe, "epua maharage," "shuka kituo kinachofuata." LUKU nunua siku mshahara unapoingia, unit za mwezi mzima, uache kukaa gizani ukijilaumu. Ukiwasha gesi, usitoke jikoni bila mwiko, na katika hili la gesi sikubembelezi, nakuagiza. Na neno la bosi akilisema uliandike palepale mbele yake. Asiyependa kuona watu wakiandika anayoyasema ni nani?

Kuna na lile la barazani. Ulikuwa huwezi kusoma chumbani peke yako, hata tukifunga mlango na kuzima redio. Hasa tukifunga mlango. Ukileta daftari lako ukaketi sakafuni kando ya cherehani yangu, kanyagio likipiga karibu na goti lako, ulimaliza hesabu zote kabla ya Magharibi. Mama yako alidhani unakimbia kazi za jikoni. Nimemwambia daktari, akasema wengi wako hivyo, kukaa na mtu anayefanya kazi yake tu, bila kukusimamia, kunawashika mahali. Basi tafuta mwenzako wa hivyo. Zile ripoti unazozichelewesha nyumbani usiku, nenda ukazifanyie kwa rafiki yako anayesomea uuguzi, kila mtu na lake. Au nipigie uniweke mezani, mimi nashona, huna haja ya kunisemesha.

Kuhusu dawa, shangazi yako amesikia daktari amekuandikia methilifenideti akapandisha sauti kwamba ni dawa za kulevya. Nimemjibu hivi. Ni dawa ya zamani, ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1944, nami sikuwa nimezaliwa. Inadhibitiwa, ni kweli, kwa kuwa wapo wanaoitumia vibaya, ndiyo maana hununui bila cheti na ndiyo maana wanakupima presha na mapigo ya moyo. Ikikukata hamu ya kula au ikikukesha, mwambie daktari, usiipunguze mwenyewe kwa kusikiliza majirani. Na usitarajie kwamba itakufungia funguo msumarini. Daktari alisema itakusaidia kubaki pale ulipo. Vya kufunga bado vitahitaji mkono wako.

Na atakayekwambia haya ni mambo ya simu za siku hizi, mwambie kwamba ulipokuwa darasa la tano nyumba hii haikuwa na simu hata moja. Kaka yako amenisomea kwamba daktari mmoja wa Uskochi, Alexander Crichton, aliandika juu ya watu wasioweza kutuliza umakini mwaka 1798. Majina ndiyo yanayobadilika. Wamarekani waliiita ADD mwaka 1980, wakaongeza H, ile herufi ya utukutu, mwaka 1987, na nyie msio na utukutu mkabaki na jina lisilowakaa vizuri. Bibi yako aliishi na kufa bila jina lolote.

Haya, bosi.

Nimekaa na jambo hili tangu alfajiri. Upande mmoja naona umwambie. Ukinyamaza, atatafuta jina lake mwenyewe, na jina wanalolipata mabosi ni lile ulilojiita wewe. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa ulemavu. Lakini je, wewe unataka kuitwa mlemavu? Na sheria ipo kwenye karatasi, bosi yupo mlangoni kwako kila siku. Huyo simjui. Kama ni mtu wa aina ya yule mwalimu, utampa fimbo, na kila atakayekosea idara nzima mtuhumiwa atakuwa wewe. Hapo naona usimwambie.

Kisha nikajiuliza: lazima ataje ugonjwa ndipo apate anachohitaji? Unaweza kumwendea ukasema, "Maagizo nikiyapata kwa maandishi nayafanya bila kosa, na asubuhi nikikaa mbali na mlango kazi yangu inatoka mapema." Hakuna hospitali katika maneno hayo. Fundi hakuwa akiwaeleza wateja kwa nini mkasi una kamba. Lakini tena, ukishazoea kuzungukazunguka hivyo, utachoka, na siku ikija kubwa atasema mbona hukunieleza mapema.

Unaona ninavyokwenda na kurudi. Ulimi unaniwasha niseme moja, na ukinibana sana utalisikia hata nisipolisema. Lakini wewe ndiye unayemwona usoni anapokuita, unajua kama anafunga mlango ili muongee au anauacha wazi ili wengine wasikie. Hilo la mlango lina uzito kuliko ushauri wangu wote. Mtazame wiki hii, halafu unieleze kabla hujaamua. Ukishaamua pia unieleze, nami sitabisha. Nitajitahidi nisibishe.

Mama yako anakusalimu, anasema usimjibu shangazi yako. Amekutumia nguru wa kukaanga, mbata na mafungu mawili ya mkate wa kumimina, vyote kwenye boksi lenye jina lako, kwa kondakta wa basi la saa nne asubuhi, Jumamosi hii. Linafika kituo cha Magufuli kama saa kumi jioni, na samaki hatangoji. Weka alamu sasa hivi, kabla hujaishusha simu hii, na uiandike "boksi la mama, Magufuli."

Baba yako
Tanga